Digrii ya fiziolojia: hesabu ambayo wakala hakupigii (wazazi na vijana wa Tanga, karibuni)

#1 Mgosi wa Chumbageni (mleta uzi)

Wagosi na wadau wote, habari za jioni.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka naulizwa swali moja hapa mjini. Nikitoka msikitini naulizwa, ndani ya daladala ya Pongwe naulizwa, na wengine wananipigia simu hata hatufahamiani: "Mwanangu amekosa udaktari, lakini kuna wakala kampatia nafasi ya fiziolojia nje ya nchi. Nimpeleke?" Nimeshajibu mtu mmoja mmoja vya kutosha. Leo naliandika lote hapa, kila anayehusika alisome na kuuliza mbele za watu, maana swali la mmoja ni la wengi.

Nijieleze kwanza. Nina digrii ya kwanza ya fiziolojia niliyosoma nje kwa ufadhili kamili, nikaongeza masta, na sasa nipo kwenye utafiti wa afya mkoani kwetu. Kazi yangu naipenda sana. Kwa hiyo sina kinyongo na hili somo. Ila nilisomeshwa kwa pesa ya mfadhili, na hilo ndilo linalobadilisha hesabu yote. Mtoto anayekwenda kwa pesa ya shamba la babu yake yupo kwenye hali nyingine kabisa.

Jibu langu: kwa Mtanzania, fiziolojia ni digrii ya hatua mbili. Hatua ya kwanza peke yake hairudishi gharama yake. Malipo yanaanza kuonekana hatua ya pili, yaani masta, au leseni ya taaluma nyingine ya afya. Familia isitoe pesa ya hatua ya kwanza kabla haijajua ya pili itatoka wapi.

Sasa kwa nini nasema hivyo.

Fiziolojia ni elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: moyo unajuaje kuongeza mapigo ukipanda ngazi, figo inaamua vipi chumvi ipi ibaki na ipi itoke, homoni zinaongozaje mimba. Kwenye vyuo vyetu somo hili linakaa ndani ya kozi nyingine. Anayesoma MD, yaani digrii ya udaktari, pale Muhimbili, KCMC au Bugando analipata miaka ya mwanzo. Muuguzi analipata, mfamasia analipata, na daktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, analipata pia. Digrii ya kwanza inayobeba jina la fiziolojia lenyewe utaikuta zaidi nchi za wenzetu: Uingereza kwenye vyuo kama Leeds na Bristol, Marekani kama Arizona na Michigan State, Canada pale McGill, na vilevile Nigeria, Afrika Kusini na India.

Huko kwao ina sababu ya kuwepo. Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza, kwa hiyo kijana anasoma fiziolojia miaka minne, kisha anaomba chuo cha udaktari. Uingereza kuna wataalamu wa hospitali wanaopima umeme wa moyo, uwezo wa mapafu na matatizo ya usingizi. Mwenye digrii nzuri ya fiziolojia anaweza kuomba mafunzo ya miaka mitatu ya NHS, huduma ya afya ya serikali yao, akalipwa mshahara huku anajifunza, akatoka na sifa ya kusajiliwa. Ushindani wake ni mkali, lakini ngazi ipo na mtu anaiona. Nigeria nako wapo wengi walioomba udaktari wakajikuta wamepangiwa fiziolojia au anatomia, na malalamiko yao kuhusu ajira yanafanana sana na haya ninayoyaandika.

Kwetu MD unaingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita: miaka mitano darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa utarajali. Aliyemaliza fiziolojia nje akirudi na kutaka udaktari, hapewi mwaka wa tatu eti kwa sababu ameshasoma moyo na mapafu. Anaanza mwaka wa kwanza pamoja na wadogo zake.

Halafu kuna leseni, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopitwa. Kazi za hospitali Tanzania zinakwenda kwa usajili. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na mkunga wana baraza lao, mfamasia ana lake, mtu wa maabara ana lake. Fungua tangazo lolote la ajira za afya kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome sifa: shahada fulani, na usajili wa baraza fulani. Mwenye fiziolojia tupu ana shahada halali, ana akili, lakini usajili wa kumfungulia mlango wa wodi hana. Mwajiri haangalii umesoma mwili kwa kina gani, anaangalia kama sheria inakuruhusu kumgusa mgonjwa.

Kazi zipo wapi basi? Mosi, kufundisha vyuoni. Pili, utafiti. Na kwenye utafiti sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo hatuizungumzi. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo WHO iliipendekeza Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa viwili: Korogwe hapa mkoani kwetu, na Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo Tanga na kingine Amani huko Muheza. Yaani sayansi ya kiwango cha dunia imefanyika umbali wa nauli ya basi tu kutoka Ngamiani.

Lakini angalia nani anaajiriwa kwenye miradi hiyo: daktari, tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mtunza takwimu. Mwenye digrii ya kwanza ya fiziolojia huingia kama mtafiti msaidizi au mratibu mdogo, kwa mkataba wa mradi, na mradi ukiisha mkataba unaisha. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, tuliona wenyewe jinsi watu wa miradi ya afya walivyobaki nyumbani ndani ya wiki chache. Wenye leseni walirudi hospitalini. Wasio na leseni walikosa pa kurudi.

Kwa leo naishia hapo. Ulizeni.

#2 Mama Makorora

Asante kwa uzi mwanangu. Mie nilikuwa najua fiziolojia ndiyo ile ya kuwanyoosha watu waliopata kiharusi. Jirani yangu alipopooza alikuwa anapelekwa Bombo kwa mazoezi, kijana anamkunja mguu na kumfundisha kushika kikombe. Binti yangu anataka ile. Kumbe ni nyingine?

#3 Mgosi wa Chumbageni

Shikamoo mama. Ndiyo, ni kozi nyingine, na umenisaidia kuuliza maana nimekutana na mzazi aliyelipa kabisa akidhani ni hiyo. Unayoisema ni fiziotherapia. Yule kijana wa mazoezi ana taaluma yenye leseni, na inasomwa hapahapa nchini, ngazi ya stashahada na ya digrii. Wagonjwa wa kiharusi, ajali za bodaboda na watoto wenye mtindio wa ubongo hawapungui, kwa hiyo kazi yake inahitajika. Binti yako kama anachotaka ni kumshika mgonjwa na kumwona anasimama, aende huko, wala asiandike fiziolojia kwenye fomu yoyote.

#4 Mnazi wa Mwera

Wadau, mimi ndiye mzazi mwenyewe anayesemwa hapa. Nakaa Pongwe, shamba langu la minazi lipo Mwera huko Pangani. Binti yangu amemaliza PCB, kapata Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Aliomba MD kwenye vyuo vya serikali tu, hakuchaguliwa. Wakala ametuletea barua ya chuo cha India, digrii ya fiziolojia miaka mitatu. Ada dola 2,800 kwa mwaka, hosteli na chakula dola 1,600. Tiketi, viza na gharama za wakala jumla dola 1,500. Kuna mtu anataka shamba. Binti mwenyewe analia kila siku, wenzake wameshajua wanakokwenda. Mleta uzi, unanishaurije? Maana wewe umesoma hiyo hiyo na umefika.

#5 Mgosi wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Pole na mawazo, na asante kwa kuweka namba zote mezani. Twende pole pole.

Ada na hosteli ni dola 4,400 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 13,200. Ongeza 1,500 ya safari na wakala, unapata dola 14,700. Kwa dola ya shilingi 2,600 hiyo ni shilingi 38,220,000. Hapo binti hajarudi likizo hata mara moja, hajaumwa, hajanunua kompyuta, na ada haijapandishwa mwaka wa pili. Tena unalipa kwa dola huku nazi unauza kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, deni linakua bila wewe kufanya lolote.

Sasa tumchukulie amerudi na amepata kazi ya mkataba, na baada ya chumba, chakula na nauli anaweza kuweka akiba laki mbili kila mwezi. Kurudisha 38,220,000 anahitaji miezi 191, karibu miaka 16. Na hapo nimemchukulia amepata kazi mara tu alipotua na hajakaa bila mkataba hata mwezi mmoja. Kwenye miradi hali haiwi hivyo.

Halafu bado masta. Bila masta hafundishi chuo kikuu, na kwenye taasisi za utafiti hapandi kufika pa kuongoza kazi yake mwenyewe. Shamba litakuwa limeshauzwa, masta utaisomesha kwa nini?

Lipo na la mkopo. Bodi ya Mikopo imewekwa kwa anayesoma chuo cha ndani kinachotambuliwa. Anayekwenda nje kwa mkono wa wakala anajilipia mwenyewe. Akibaki nyumbani na akakidhi vigezo, bodi inaweza kubeba ada na fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara wake ni laki nane: anakatwa 120,000 kwa mwezi, na makato yanaanza akiwa na kipato. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inavimbisha madeni ya watu iliondolewa 2021. Deni la bodi haliuzi shamba la mtu, mzee wangu.

Na kuna jambo ambalo wakala hawezi kukwambia kwa sababu halimlipi. Matokeo ya binti yako si mabaya hata kidogo. B ni pointi 4, C ni 3, D ni 2, jumla 9. Sifa ya chini ya kuomba MD ni D kwenye masomo yote matatu, jumla pointi 6. Kwa hiyo hakukosa sifa. Alikosa nafasi, kwa sababu kwenye vyuo vya umma wanagombea wenye A tupu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na binti mwenyewe alijue hilo leo hii aache kulia. Dirisha la udahili halifunguliwi mara moja tu. Kuna vyuo vya binafsi na vya taasisi za dini kwa MD, ada yake ni kubwa kuliko ya serikali lakini ipo kwa shilingi na mkopo unaombeka. Na kuna uuguzi, maabara, famasia, fiziotherapia, radiolojia. Apitie mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ukurasa kwa ukurasa, sifa za kila kozi zimeandikwa.

Shamba usiuze. Hata ukiamua udaktari wa chuo cha binafsi, anza na mkopo kwanza, mavuno ya nazi yawe ya kujazia.

#6 Mwalimu wa Zamani

Nimefundisha Baiolojia sekondari za hapa Tanga mpaka nikastaafu, na nimesoma uzi huu nikaumia. Mnaongea mkopo, leseni na minazi. Hivi hakuna anayejali somo lenyewe? Tuzo ya Nobel tunayoiita ya tiba, jina lake kamili tangu 1901 ni tuzo ya fiziolojia au tiba, na fiziolojia imetangulia. Mwaka 2019 walipewa Kaelin, Ratcliffe na Semenza kwa kuonyesha jinsi seli inavyotambua kwamba oksijeni imepungua. Mpagazi anayepanda Kilimanjaro na mzigo kichwani, mtoto mwenye upungufu wa damu wodini Muheza, wote wanaishi kwa mfumo huo huo. Nani kati ya watoto wetu atauchunguza kama kila mwenye akili tunamwambia akatafute leseni ya kudunga sindano?

Na mleta uzi umegusa kufundisha kwa mstari mmoja ukapita. Tulikuwa na chuo kimoja cha udaktari, Muhimbili, tangu 1963. Leo hesabu: KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kairuki Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Ifakara, na Zanzibar. Kila kimoja kinahitaji watu wa kufundisha fiziolojia miaka ya mwanzo. Madaktari wanakimbilia upasuaji na magonjwa ya wanawake. Nani anabaki kufundisha moyo unavyopiga? Hiyo ni nafasi ya kazi, tena ya heshima.

#7 Mgosi wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kwa moyo wote kuhusu somo, na kuhusu upungufu wa walimu wa masomo ya msingi ya tiba. Ni kweli kabisa. Daktari akibobea upasuaji anaweza kuwa na kliniki yake jioni. Akibobea fiziolojia jioni anasahihisha mitihani. Ndiyo maana wengi hawaendi, na ndiyo maana nafasi zipo.

Ila tutazame nafasi hizo zinamtaka nani. Vyuo vingi vya umma vikitangaza nafasi ya chini kabisa ya kufundisha, ile ya TA (mkufunzi msaidizi), vinataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kwenye digrii ya kwanza. Ukitaka kuwa mhadhiri msaidizi, masta ni lazima. Na chuo kikiwa na waombaji wawili wa kufundisha fiziolojia, mmoja ana MD na masta ya fiziolojia, mwingine ana fiziolojia digrii ya kwanza na ya pili, mara nyingi wanamtamani wa kwanza, maana anaweza kumwambia mwanafunzi ugonjwa unavyoonekana wodini, na hospitali ya chuo inamtumia pia.

Kwa hiyo kwa mtoto anayelipenda somo kweli, njia ninayoiona fupi ni hii: achukue digrii ya nyumbani yenye leseni, apate alama za juu kwenye fiziolojia, halafu masta ndiyo iwe ya fiziolojia. Makerere wanayo, Nairobi wanayo. Ufadhili wa masta unapatikana kwa urahisi zaidi kuliko wa digrii ya kwanza: DAAD ya Wajerumani inasomesha watu ndani ya Afrika hii hii, na Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa masta na udaktari wa falsafa Uingereza. Wafadhili wanampenda muuguzi au mtu wa maabara mwenye swali la utafiti. Hapo analisoma somo analolipenda, na mfukoni ana kitu cha kumlisha mradi ukifungwa.

Na asiyetaka hospitali kabisa asidhani fiziolojia ni ya binadamu tu. Sisi ni mkoa wa mkonge. Mkonge unafungua vitundu vya majani usiku ili usipoteze maji mchana, na kwa sababu hiyo unastahimili jua la Ngomeni pale mahindi yanapokauka. Hiyo ni fiziolojia ya mimea, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kipo hapo Muheza. Mwenye digrii ya kilimo au botania kutoka SUA au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaingia kwenye fiziolojia kwa mlango huo bila kuvuka bahari.

#8 Kijana wa Mkwakwani

Mkuu vipi upande wa mpira? Si wanahitaji watu wa fiziolojia ya mazoezi? Coastal Union na African Sports zipo hapa hapa.

#9 Mgosi wa Chumbageni

Kitaalamu wanahitaji sana. Kupima pumzi za mchezaji, kupanga mazoezi asichanike misuli, maji na chumvi kwenye joto la saa kumi pale Mkwakwani, yote ni fiziolojia. Lakini klabu inamwajiri mtu kama kocha wa viungo, kwa hiyo cheti cha ukocha ndicho kitakachokutangulia mlangoni. Klabu zenye uwezo wa kulipa mshahara wa maana kwa kazi hiyo ni chache na wengi huletwa na kocha mkuu anayekuja nao. Kama mpira upo kwenye damu yako, soma fiziotherapia, kisha jiendeleze kwenye michezo. Kila timu inahitaji mtu wa kutibu majeraha, hata ya daraja la chini.

#10 Nesi wa Ngamiani

Naomba niongeze kidogo kutoka kazini. Nilianza na stashahada ya uuguzi, nikaajiriwa, baadaye nikajiendeleza digrii huku nina mshahara. Tupo wengi hivyo. Tabibu wa stashahada naye akiwa na GPA ya 3.0 na ufaulu mzuri wa kidato cha nne anaweza kuomba MD. Njia ni ndefu lakini kila kituo unakula.

Wodini kwetu wanakuja vijana kujitolea, wana digrii za sayansi za kila namna. Wanajua mambo, tena wengine wananielimisha mimi. Lakini daktari akisema "mpe mgonjwa dawa", siwezi kumpa yule kijana sindano ashike. Sheria haimjui. Anabaki kupanga mafaili, na naona kabisa anavyonyong'onyea. Wazazi, msimfikishe mtoto hapo kwa kutojua.

#11 PCB Binti

Shikamooni. Mimi nina Baiolojia B, Kemia D, Fizikia E. Fiziolojia naipenda kweli, niliisoma hadi vitabu vya kaka yangu wa MD. Nyumbani hakuna shamba la kuuza wala nini, baba ni mvuvi pale Deep Sea, hapa Tanga. Ina maana mlango umefungwa?

#12 Mgosi wa Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Haujafungwa. MD moja kwa moja hapana, kwa sababu ya ile E ya Fizikia. Mwongozo wa TCU utakuonyesha kozi za digrii zinazokukubali, na zipo za sayansi ya viumbe. Njia nyingine ni stashahada ya afya, inayoangalia zaidi matokeo yako ya kidato cha nne. Tangu 2023/24 bodi inakopesha hata wa stashahada kwa kozi za kipaumbele. Si kozi zote za afya zimo, kwa hiyo soma orodha ya mwaka huu kabla hujachagua chuo, usichague kwanza halafu ndipo utafute mkopo.

Ukiniuliza mimi, kwa mapenzi uliyo nayo na kwa hali ya nyumbani, ningeanza na stashahada yenye leseni, nipate alama kali, nifanye kazi, halafu nipande. Endelea kusoma vitabu vya kaka yako. Kwenye usaili wa miradi ya utafiti mtu anayeelewa kwa nini mtoto mwenye malaria anapumua haraka anaonekana ndani ya dakika tano.

#13 Mwalimu wa Zamani

PCB Binti, mleta uzi akiruhusu nitumie ujumbe wa pembeni. Vitabu vyangu vya Baiolojia bado vipo, njoo uchukue, ukae navyo.

#14 Mnazi wa Mwera

Wadau nimerudi. Nimempigia wakala nikamuuliza maswali niliyoyaokota hapa. Nikamuuliza binti akimaliza atasajiliwa na baraza gani. Akasema "ataajiriwa hospitali yoyote mzee, usiwe na wasiwasi." Nikarudia: baraza gani? Akasema atanipigia. Jana hakupiga, leo kapiga kunikumbusha kwamba nafasi inafungwa Ijumaa na nitume malipo ya awali. Mama yake bado anaona bora aende tu asikae nyumbani mwaka mzima. Nimwambie nini?

#15 Mgosi wa Chumbageni

Mzee wangu, mwambie mama kwamba mwaka mmoja nyumbani ni mfupi kuliko miaka 16 ya kurudisha pesa. Lakini wala haitafika mwaka, kama mtafanya haraka.

Kesho binti akae na simu yenye bando, afungue mwongozo wa TCU, aandike kozi zote zinazokubali pointi 9 zenye B ya Baiolojia na C ya Kemia. Aanze na MD ya vyuo vya binafsi, kisha uuguzi, maabara, fiziotherapia. Aombe kwenye dirisha linalofuata, vyuo kadhaa, asiweke vyote vya aina moja. Maombi ya mkopo ayajaze sambamba, na vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe mapema, maana hapo ndipo wengi wanakwama.

Wakala usimtumie hata shilingi ya malipo ya awali. Kama bado mnaitaka India, mwambie alete kwa maandishi vitu viwili: jina la baraza la Tanzania litakalomsajili mwenye digrii hiyo, na mchanganuo wa ada wa miaka yote mitatu wenye mhuri wa chuo. Na fahamuni kwamba anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi kabla ya safari, na akirudi shahada yake inapitia TCU kutambuliwa. Ofisi hiyo inaweza kukujibu wewe mwenyewe bila wakala.

Na yule anayetaka shamba mwambie haliuzwi.

#16 Mnazi wa Mwera

Nimeshamwambia. Binti yupo hapa na daftari, kafika kozi ya saba. Anauliza radiolojia inataka Fizikia ya ngapi, na kama kwa mtu wa Tanga kuna chuo cha karibu kuliko Dar es Salaam.

#17 Nesi wa Ngamiani

Mzee mwambie anitumie ujumbe, nina wenzangu waliopita radiolojia. Nitamuunganisha na dada mmoja aulize mwenyewe kila kitu.